Naomba ushauri: bunduki ya rola au ya kawaida kwa kuzamia?

Habari zenu wakuu, naombeni ushauri kwa wanaozamia kwa pumzi na kupiga samaki kwa mshale. Mimi ni mtu wa Mombasa ila niko Durban kikazi, na kibali nishakata, maana nyumbani Kenya hizi bunduki za mshale ni marufuku, huku zinaruhusiwa mradi usitumie mtungi wa hewa.

Sasa natumia ya kawaida, chapa ya Rob Allen ya sentimita 110 yenye mipira miwili ya kusukuma mshale, ni ngumu kama chuma haijawahi kunisumbua lakini ikifyatuka inaruka juu na mkono unauma, halafu siku maji yana vumbi unaona mita nne tu, urefu wote huo unakuwa mzigo kuuzungusha mwambani.

Kuna jamaa ananishawishi nichukue ya rola ya sentimita 90. Kanielezea mpira unapita kwenye kapi pale mdomoni unarudi chini ya mtutu, kwa hiyo unasukuma mshale njia nzima na hairuki sana mkononi ikifyatuka, fupi lakini inafika mbali karibu sawa na ndefu. Nikaishika, kweli nimeipenda. Ila kuipakia ni hatua nyingi, na kule kwenye mawimbi nikiwa naelea nahofia nitachelewa nguru akipita, na hizo kapi zikiingia mchanga je?

Nalenga nguru na kolekole, sio samaki wadogo. Aliyetumia zote mbili anisaidie, nibadilishe au ninunue tu ya kawaida fupi?