Naomba ushauri: sahihi zetu za mahudhurio zinageuzwa ridhaa

Asalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa shikamooni.

Niko Lamu. Bajeti ya kaunti ikikaribia twaitwa kutoa maoni. Tangazo hutoka jana yake, wavuvi wako baharini, na waraka wenyewe hatuuoni. Tukifika twatia sahihi karatasi ya mahudhurio, twapewa soda na nauli ya mashua, basi. Baadaye karatasi ile ile ndiyo huonyeshwa kwamba wananchi walikubali. Soda haina neno, lakini sahihi yangu siiuzi.

Katiba ya 2010, kifungu cha 196, yataka bunge la kaunti lishirikishe wananchi, na cha 35 chanipa haki ya kupata habari. Nimeomba kwa barua makadirio ya wadi yetu, nikitaja sheria ya kupata habari ya 2016 inayotoa siku 21 za kujibiwa. Zimepita, nikienda naambiwa mkubwa hayupo.

Je, kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala (ile ipokeayo malalamiko ya wananchi juu ya ofisi za serikali) kwahitaji wakili, au nakala ya barua iliyogongwa muhuri yatosha? Na kikaoni, nikiandika "sijaona waraka" kando ya sahihi yangu, yaweza kunifaa kama ushahidi? Aliyewahi kupita njia hii anijuze tafadhali, kikao kingine ki karibu.