Tupeane uzoefu: uvimbe kwenye ovari, na daktari bingwa wa pili aliposema vingine

Habari zenu wapendwa. Nipo Sakina, Arusha. Mdogo wangu ana miaka 27, hajazaa bado. Aliambiwa ana uvimbe wa sentimita 8 kwenye ovari ya kushoto na ajiandae kutolewa kizazi pamoja na ovari zote mbili. CA-125, kipimo cha damu ambacho hupanda kwenye saratani ya ovari, ilisoma 61, na kawaida ni chini ya 35. Karatasi ya maabara ilikuwa na mshale mwekundu pembeni ya hiyo 61, na mshale ule ndio uliotumaliza. Mama alishaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja.

Tukaomba rufaa, tukashuka Moshi, hospitali ya rufaa ya KCMC. Bingwa alimwuliza kwanza hedhi yake ilikuwa lini. Kumbe damu ilichukuliwa akiwa kwenye siku zake, na CA-125 hupanda wakati wa hedhi, hupanda pia kwa mwenye endometriosisi (nyama kama ya ndani ya kizazi kuota nje yake), faibroidi au mimba changa. Akaagiza vipimo vingine vya damu, AFP, LDH na beta-HCG, maana saratani za ovari zinazowapata mabinti mara nyingi huonekana kwenye hivyo. Kisha akarudia ultrasaundi mwenyewe, ile ya kupitia ukeni, akatuonyesha: ndani ya uvimbe kitu cheupe kinang'aa, nyuma yake kivuli cheusi. Akasema hayo ni mafuta na nywele, inaitwa dermoidi, uvimbe ambao kwa kawaida si saratani. Ulitolewa uvimbe peke yake, ovari ikabaki, na majibu ya nyama yakaja safi.

Naomba mliopitia haya mseme: mlibeba nini mkienda kwa bingwa wa pili, naye alibadilisha nini?

Mama wa Himo: Pole kwa mdogo wako, mwanangu, na tumshukuru Mungu. Kwangu ilikuwa kinyume. Nina miaka 58, hedhi ilishakoma zamani. Tumbo lilijaa, nikila vijiko viwili nimeshiba, kukojoa kila mara. Nilitibiwa vidonda vya tumbo, nikatibiwa amiba. Picha ilipoonyesha uvimbe wenye kuta ndani na sehemu ngumu, wa kwanza alitaka kuuchoma sindano atoe kipande. Bingwa wa pili akakataa kabisa: ukiwa bado umefungika, sindano inaweza kumwaga seli tumboni. Nilifanyiwa upasuaji mkubwa, wakatoa kizazi, ovari na lile pazia la mafuta linalofunika utumbo, baadaye dripu za kemo kila baada ya wiki tatu. Saratani ilikuwepo kweli. Kwa hiyo mwenye umri wangu asije akasoma habari ya huyo binti akasema na yangu itakuwa mafuta na nywele.

Nesi, Moshi mjini: Msibebe ripoti tu. Ombeni picha zenyewe kwenye CD, kwa sababu bingwa anataka kusoma kwa macho yake. Kama ulishapasuliwa, omba maabara ikupe vile vipande vya nyama vilivyohifadhiwa kwenye nta pamoja na slaidi, mtaalamu mwingine wa patholojia avisome upya. Na jamani, maumivu makali ya ghafla upande mmoja pamoja na kutapika, usisubiri miadi ya bingwa. Ovari inaweza kuwa imejisokota, hapo ni dharura, usiku huo huo.

Baba wa Tengeru: Wengi tunaogopa daktari wa kwanza atakasirika. Mimi nilimwambia, "Shikamoo daktari, tunashukuru kwa ulipotufikisha, tunaomba bingwa mwingine aziangalie hizi picha kabla hatujaamua." Akaandika barua palepale. Kilichotuumiza ni nyumbani, shangazi alileta dawa ya kuyeyusha uvimbe kutoka sokoni, mke wangu akainywa na kuahirisha kwenda. Uvimbe ulizidi kukua.

Mama wa Himo: Huyo binti wa Sakina, waliambiwa arudi lini?

Mwanzisha mada: Shikamoo mama. Miezi sita, ultrasaundi tu, kwa sababu dermoidi inaweza kutokea na upande wa pili. Nilimwuliza bingwa kuhusu watoto, akasema hata ovari moja inatosha mtu kushika mimba, na yeye anazo zote mbili. Mama ameacha habari za kiwanja.