Mjadala: Pato la taifa linakua, mbona mtaani wanasema uchumi umelala?

Mwanzisha mada
Wadau, KNBS, shirika la takwimu la taifa, inasema uchumi wa Kenya ulikua kwa 5.7% mwaka 2023 na 4.7% mwaka 2024. Ukishuka soko la Gikomba, wimbo ni mmoja: pesa imepotea. Kuna wanaojibu kwamba Wakenya tumezoea kulia, baa za Ijumaa zimejaa na Thika Road haipitiki. Nani mkweli? Leteni hesabu, siasa tuwaachie wenyewe.

Mhasibu wa Embakasi
Mdororo kwa kawaida hutajwa pato la taifa linaposhuka robo mbili mfululizo. Kenya iliupitia 2020 wakati wa korona, robo ya pili na ya tatu, na mwaka mzima ukafungwa na upungufu wa 0.3%. Hiyo ya 2023 na 2024 si mdororo. Anayeuita hivyo amekosea jina, hajakosea maumivu.

Chukua mshahara wa 50,000. Mwaka 2021 ulikatwa NSSF (akiba ya uzeeni) 200, NHIF (bima ya afya) 1,200 na PAYE (kodi ya mshahara) kama 7,323. Ulibaki na 41,277. Kufikia 2025 NSSF ilikuwa 3,000, SHIF (iliyochukua nafasi ya NHIF) 1,375, tozo ya nyumba 750, na PAYE 5,846 (ilipungua kwa sababu makato hayo matatu huondolewa kabla ya kodi kupigwa). Ukabaki na 39,029. Ongeza bei: mfumuko wa bei ulikuwa karibu 7.7% mwaka 2022, vivyo hivyo 2023, kisha 4.5% mwaka 2024. Kilichouzwa 100 mwaka 2021 kikafika 121. Kwa hivyo hizo 39,029 zinanunua vitu vya kama 32,200 vya wakati ule. Mshahara haujaguswa, lakini kati ya kila shilingi tano ulizobaki nazo 2021, zaidi ya moja imekwenda.

Mkweli Daima
Mhasibu, hesabu yako ina tundu. NSSF ni akiba ya mtu mwenyewe, si hasara. Halafu mfumuko ulishuka hadi 2.7% Oktoba 2024. Mbona hilo hamlisemi? Kilio kingine ni mazoea.

Mhasibu wa Embakasi
NSSF nakubali, ni akiba. Ila mwenye nyumba hapokei akiba ya uzeeni tarehe tano.

Duka la Rejareja, Kayole
Mkweli, mfumuko kushuka si bei kushuka. Ni bei kupanda polepole kutoka pale ilipokwisha kufika. Petroli Nairobi ilipita 217 mwishoni mwa 2023, ikarudi kama 180 mwaka uliofuata. Nauli zilizopanda nayo zilishuka wapi?

Na kuna gharama isiyoonekana kirahisi kwenye takwimu: kununua kadogo. Tuseme sukari ni 150 kwa kilo. Robo ingekuwa 37.50, lakini hakuna chenji ya senti, kwa hivyo inauzwa 40. Robo nne ni 160. Mteja maskini analipa shilingi kumi zaidi kwa kilo ileile kwa kuwa hana 150 kwa mkupuo. Fanya hivyo kwa mafuta ya kupima, majani chai, sabuni na makaa ya mkebe, mwezi mzima. Muuza duka naye si mwizi: kufungasha ni kazi, karatasi ni pesa, na kila kipimo kinamwaga kidogo. Dalili ya hali ngumu dukani ni hiyo: wateja ni walewale, ila aliyenunua pakiti ya kilo mbili sasa anaomba nusu.

Mjengo Ruiru
Baa na foleni za magari hazipimi chochote, jiji la watu zaidi ya milioni nne halikosi elfu kadhaa wenye pesa. Angalieni sekta. Mwaka 2024 ujenzi ulipungua kwa 0.7% huku kilimo kikikua. Wastani ukawa mzuri, kibarua wa Nairobi akakosa kazi, maana mahindi ya Trans Nzoia hayamlipi fundi wa Ruiru.

Sababu kubwa ni madeni ya serikali kwa wakandarasi. Mkandarasi asipolipwa anasimamisha kazi. Fundi na msaidizi wake wanarudi nyumbani. Hadiwea iliyotoa saruji na nondo kwa mkopo haiwezi kuagiza mzigo mpya. Mama wa chakula hapo saiti anafunga jiko. Serikali ilipe madeni kwanza, barabara mpya zingoje.

Mkweli Daima
Ilipe kwa pesa gani? Mswada wa Fedha wa 2024 uliondolewa Juni baada ya maandamano. Mlikataa kodi, sasa mnataka malipo. Ikikopa zaidi hapa nyumbani, benki zitaikopesha yenyewe na kuwaacha nyinyi.

Afisa Mikopo
Hapo Mkweli ana hoja. Benki Kuu ilianza kushusha riba yake Agosti 2024 kutoka 13%, na kufikia Juni 2025 ilikuwa 9.75%. Wakopaji wengi hawakuuona unafuu huo haraka, kwa sababu mikopo mibovu ilikuwa imezidi 16% ya mikopo yote, na benki ikinunua hati za serikali, yaani ikiikopesha serikali, haina presha ya kufukuzana na mdeni.

Mwenye mkopo wa riba inayobadilika aandikie benki barua, aulize riba ya msingi ni ngapi na nyongeza yake ni ngapi. Biashara ikiyumba, aombe kupangiwa upya malipo kabla ya kuchelewa siku 90. Zikipita, mkopo unahesabiwa mbovu na nguvu ya kujadiliana inapungua. Kosa la kawaida ni kuziba pengo kwa mikopo ya simu. Ya siku thelathini haiwezi kubeba ya miaka mitatu.

Mjengo Ruiru
Sawa, hela hazitoshi kulipa wote. Basi waanze na wanaodai kidogo, bili zilizokwisha kukaguliwa. Mwenye deni la milioni tatu akilipwa, Jumatatu anaita vibarua. Anayedai bilioni atalipa benki kwanza.

Mkweli Daima
Na yule wa bilioni riba ya kucheleweshwa inaendelea kumpandia, nayo mlipaji ni wewe. Tupigie na hiyo hesabu.