MREJESHO: Yunifikesheni ya AC iliyokuwa haimaliziki

Asanteni wakuu. Kwa aliyepitwa, yunifikesheni ni kutafuta cha kuweka kwenye vigeu ili pande mbili zilingane, na swali lilikuwa: kwa nini x+x+x+x =? y+z+u+v (vigeu vitupu, + ikiwa AC, yaani mpangilio na mabano havibadilishi kitu) inakula memori yote bila kumaliza?

Kwa njia ya Stickel (mtafiti aliyebuni algorithmu ya yunifikesheni ya AC) tatizo linageuka kuwa mlinganyo wa Diofanto (majibu yake ni namba kamili tu), 4x = y+z+u+v. Suluhisho ndogo kabisa zisizo sifuri (zisizogawanyika kuwa jumla ya nyingine) ni 35 tu, zinapatikana papo hapo. Balaa liko mbele: kila suluhisho hupewa kigeu kipya, kisha unachukua kila seti ndogo ya hizo 35 isiyoacha y, z, u wala v bila kitu. Zinabaki seti 34,359,607,481, kila moja ikiwa jibu lake! Tena hakuna inayotokana na nyingine, kwa hiyo kuchuja hakusaidii.

Kilichotibu ni kuongeza 0 yenye x+0=x. Kigeu kikiruhusiwa kuwa 0, zile 35 kwa pamoja zinatosha, yunifaya (jibu linalolinganisha pande mbili) ni moja. Ila kama nadharia yako haina hiyo 0, usiichomeke kwa nguvu, utaletewa majibu batili. Afadhali uhifadhi mlinganyo kama sharti, uufungue vigeu vikishapata thamani.