Mercedes-Benz: kiwanda ndicho kilichoua uimara, au ni sisi watunzaji?

Mtoa mada

Wakuu, hili tulijadili mpaka mwisho. Kuna wanaosema Mercedes ya kweli iliishia kwenye W124 (W na namba ni jina la kiwanda la toleo la gari), na kwamba yaliyofuata ni nyota tu iliyokaa juu ya boneti. Wengine wanasema gari halina kosa, kosa ni la mmiliki anayemwaga oili pale anapokumbuka. Nasimama na wale wa kwanza, na sababu zangu ziko kwenye chuma.

W123 ilitengenezwa kuanzia mwishoni mwa 1975 hadi mwanzoni mwa 1986, karibu magari milioni 2.7. Chukua 240 D: injini ya lita 2.4 yenye nguvu farasi 65, baadaye 72. Ilikuwa polepole kweli, lakini cheni yake ya taiming, inayopanga wakati wa vavu kufunguka, ilikuwa ya mistari miwili, pampu ya dizeli haikutegemea kompyuta, na hata kuzima injini kulifanywa kwa vakyumu, yaani mvuto wa hewa. Sasa weka pembeni yake M271, injini ya petroli iliyoingia kwenye C180 na C200 Kompressor kuanzia 2002. Cheni ni ya mstari mmoja. Inarefuka, inaanza kuruka, inakula meno ya gia za kamshafti, shafti inayofungua vavu. Injini iliyoitangulia, M111, ilikuwa na mistari miwili. Aliyeutoa huo mstari wa pili hakuwa mmiliki wala fundi wa mtaani.

Spana_13

Mkuu, umeruka nusu ya habari. Cheni ya M271 inakazwa na tenshena inayopata nguvu kutoka kwenye presha ya oili, na gia za kamshafti pia zinabadili pembe kwa presha hiyohiyo. Oili ikiwa chafu au nzito kupita kiasi, tenshena inachelewa kukaza asubuhi na cheni inapiga kelele kila unapowasha. Kompyuta ya gari inaweza kukuruhusu uende hata kilometa 25,000 kabla ya sevisi. Ratiba hiyo inafaa barabara kuu ya Ujerumani na oili yenye kibali cha MB 229.5. Gari linalokaa saa mbili kwenye foleni ya Dar es Salaam au Nairobi, injini inafanya kazi na kilometa hazisogei. Lita 5.5 za oili sahihi na filta, kila kilometa 7,000 au 8,000, na cheni hiyo inaishi muda mrefu. Watu wanamimina oili nzito ya 20W-50 ya dumu, kisha wanamlaumu Mjerumani.

Na hiyo 240 D unayoisifu ilikuwa na masharti pia. Nafasi ya vavu zake inapimwa kwa filagheji, kipimo cha vibamba vyembamba, kila baada ya kilometa elfu ishirini na kitu, injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa vavu za kuingiza, 0.30 kwa za kutoa moshi. Ukipuuza, nafasi ya vavu za kutoa moshi inazidi kubana, kompresheni inashuka, na asubuhi gari linakataa kuwaka. Zilizoshindwa zilishayeyushwa kuwa nondo zamani. Leo tunaona zilizobaki tu, halafu tunadhani zote zilikuwa hivyo.

Dizeli_Baridi

Wote wawili mnapima Mercedes kama kitu kimoja. Swali la kuuliza kwa kila kasoro ni hili: mmiliki aliyefuata kitabu neno kwa neno angeikwepa? Kama angeikwepa, Spana_13 yuko sahihi. Kama asingeikwepa, ni ya kiwanda, na hakuna oili itakayobadili hukumu.

Naanza na W124 yenyewe, kwa sababu "iliishia kwenye W124" si kweli. Magari ya petroli ya takriban 1993 hadi 1995 yalifungwa nyaya za injini zenye ganda lisilohimili joto. Funua ile bomba nyeusi inayofunika nyaya karibu na injini, kunja waya mmoja kwa vidole: ganda linakatika kama biskuti na shaba inabaki uchi. Nyaya zikigusana, injini inakosa silinda, mzunguko wa injini gari likiwa limesimama unapanda na kushuka, na mwisho kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, inaungua. Kifaa cha kuendesha throto kina nyaya za aina hiyohiyo ndani yake, kwa hiyo ukibadili mkanda wa nyaya peke yake umefanya nusu ya kazi. Haya yanatokea hata gari likilala kwenye banda na kusafishwa kila siku. Ni kosa la kiwanda.

Kisha M272, V6 ya C230, C280, C350, E350 na ML350. Silinda zake zimepangwa kwa pembe ya nyuzi 90, pembe inayofaa V8, hivyo V6 ikahitaji shafti ya kusawazisha mtetemo. Injini za mwanzo, takriban 2004 hadi 2006, gia ya shafti hiyo ilikuwa ya chuma laini. Cheni inapita juu yake, meno yanalika, taiming inachelewa, taa ya injini inawaka, na mashine ya Mercedes ya kupima hitilafu inatoa namba 1200 au 1208. Gia yenyewe si kubwa, lakini huifikii bila kushusha injini nzima. Angalia namba ya injini: tarakimu sita za mwisho zikiwa 468993 au chini yake, uko kwenye kundi lenye hatari. Oili safi haikusaidii hapo. Ni kosa la kiwanda tena.

Ila cheni ya M271 naiweka katikati. Mstari mmoja ni uamuzi wa kiwanda, kasi ya kurefuka inaamuliwa na oili.

Mtoa mada

Hiyo ya katikati siikubali, ndugu. Ratiba ya kilometa 25,000 nani aliiandika? Ni kiwanda. Mmiliki aliyetii kompyuta ya gari lake hawezi kuambiwa ni mzembe.

Spana_13

Kwa ratiba, nakubali, ni hoja nzito. Lakini anayemimina oili isiyo na kibali hakutii kompyuta yoyote.

Kutu_ni_Adui

Mmesahau bodi. W210, E-Class ya 1995, ndiyo iliyotia doa jina hili hata huko Ujerumani kwenyewe, kwa madereva wa teksi. Sehemu ya hatari si milango inayoonekana, ni kikombe kinachoshika springi ya mbele. Kimechomelewa kwenye bodi na kupakwa gundi ya kuzuia maji. Maji yakipenya nyuma ya gundi hayatoki, kutu inakula weldi bila kuonekana, na siku moja kikombe kinang'oka, springi inapanda juu na gari linainama upande mmoja. Toa tairi, kwangua gundi kuzunguka kikombe kwa bisibisi. Ukiona imevimba au inatoka na unga mwekundu, usiliendeshe hilo gari mpaka lichomelewe.

Wengi wanasema chanzo ni rangi ya maji iliyoanza kutumika viwandani wakati huo. Siridhiki na maelezo hayo, kwa sababu viwanda vingine vilihamia rangi hiyohiyo na magari yao hayakuoza hivyo. Sababu iko kwenye maungio yaliyozibwa vibaya na chuma ambacho hakikupakwa zinki ya kutosha. Lexus LS 400 ilipotoka 1989 iliwabana Wajerumani kwa bei, na Mercedes ikaacha utaratibu wa kuunda gari kwanza na kupanga bei baadaye. Gharama ilianza kukatwa pale mteja asipoona.

Kalamu_ya_Risasi

Sifa ya kampuni haianzi kwenye W123 wala haiishii kwenye cheni. Carl Benz alisajili gari lake tarehe 29 Januari 1886. Kampuni yake na ya Daimler ziliungana 1926. 260 D ya 1936 ni miongoni mwa magari madogo ya kwanza ya dizeli kuuzwa kwa umma. Breki za ABS ziliingia S-Class mwaka 1978 pamoja na Bosch. Hayo hutajwa kila siku. Kinachotajwa kidogo ni kwamba mwaka 1944 karibu nusu ya wafanyakazi 63,610 wa Daimler-Benz walikuwa watu waliolazimishwa kufanya kazi, mateka wa vita na wafungwa wa kambi. Kampuni imelikiri hilo, na ilichangia mfuko wa fidia ulioundwa mwaka 2000 na serikali ya Ujerumani na viwanda vyake. Anayesema "sifa ya zaidi ya miaka mia" aibebe yote.

Na karibuni zaidi: mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Stuttgart waliitoza Daimler euro milioni 870 kwa uzembe wa usimamizi kwenye moshi wa dizeli, na 2020 ikakubali kulipa takriban dola bilioni 1.5 kwa mamlaka za Marekani kwa kesi ya magari karibu 250,000. Hapa Afrika Mashariki jina la Wabenzi lilishawakaa wakubwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, ndiyo maana watu wengi wanaliheshimu gari kabla hawajafungua boneti yake.

Dizeli_Baridi

Asante, mkuu, hasa kwa 1944. Kwa uimara lakini, hata upande wa dizeli kuna ushahidi dhidi ya kiwanda: injini za OM651 za mwanzo, 2009 na kuendelea, zilifungwa nozeli za Delphi za aina ya piezo zilizokufa mapema, na kampuni yenyewe ikazibadilisha kwa aina ya solenoidi. Nchi zetu zilihamia dizeli ya salfa kidogo (sehemu 50 kwa milioni) tangu Januari 2015, kwa hiyo mafuta ya hapa si jibu la kila kitu.

Spana_13

Basi tuje kwenye gia boksi, maana huko ndiko mnakoogopa zaidi na ndiko kiwanda kinakosingiziwa. 722.6, ile ya otomatiki ya gia tano, ni imara. Inauawa na mambo matatu, na mawili yanazuilika kwa pesa ndogo.

La kwanza ni plagi ya pini 13 ubavuni mwa gia boksi. Oringi zake mbili zikikauka, oili inapenya ndani ya nyaya na kupanda taratibu hadi kwenye kompyuta ya gia. Gari linakwama gia ya pili, mteja anaambiwa gia boksi imekufa. Plagi mpya inashikwa na boliti moja ya namba 7. Ibadilishe, safisha soketi ya kompyuta kwa spirit, na mara nyingi kazi imeisha.

La pili ni oili. Iliuzwa kwa maneno kwamba haibadilishwi maisha yote, kisha kampuni yenyewe ikarudisha kuibadilisha. Ukimwaga pamoja na ya tokota konveta ni takriban lita 8. Gari halina dipstiki yake, fundi anatumia kipimo maalumu, na kipimo kinasomwa oili ikiwa na joto la nyuzi 80. Wanaopima ikiwa baridi wanajaza kupita kiasi.

La tatu ni rejeta ya Valeo kwenye baadhi ya W203 (C-Class) na W211 (E-Class) za hadi 2003 hivi. Ukuta wa ndani unapasuka, maji ya kupozea yanaingia kwenye oili ya gia na kuharibu bitana za klachi. Dalili yake ni gari kutetemeka ukiwa kwenye mwendo wa wastani na mguu mwepesi. Kasoro hiyo ni ya kiwanda, sibishi. Ila anayenunua leo na kukuta rejeta ya zamani bado ipo, akaiacha, hilo ni lake.

Kutu_ni_Adui

Ongeza breki za SBC, zinazoendeshwa kwa kompyuta na pampu ya umeme, kwenye W211 za hadi 2006. Kampuni iliyaita magari 680,000 yarudishwe kurekebishwa mwaka 2004, mwaka uliofuata ikaita milioni 1.3, ingawa si yote kwa sababu ya breki, kisha ikauondoa mfumo huo kwenye E-Class. Pampu inahesabu kila unapokanyaga breki, na hesabu ikifika kikomo taa nyekundu inawaka hata kama haijaharibika. Mafundi, tafadhali sana: usitoe pedi kabla ya kuzima SBC kwa mashine. Mtu akifungua mlango tu pampu inaweza kujijaza presha, pistoni zinatoka na vidole vyako vimo ndani ya kalipa.

Nauliza_tu

Wakuu, shikamooni. Kati ya C200 Kompressor ya 2008 na C180 CGI ya 2010, zote W204 (C-Class) kutoka Japani, ipi ina nafuu?

Dizeli_Baridi

Marahaba. Zote ni M271, hivyo usichague kwa jina. Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa injini, hakikisha ni baridi, washa, sikiliza sekunde tano za kwanza. Mkwaruzo wa chuma upande wa mbele ni cheni au gia za kamshafti. Ukitaka uhakika, fundi afungue kifuniko cha vavu, azungushe krenki kwa mkono hadi alama yake, atazame alama za kamshafti zimechelewa kiasi gani. Kama ni ya kubadili, weka cheni, tenshena na gia zote mbili. Cheni mpya juu ya meno yaliyochongoka haidumu.

Jambo la pili ni kufuli ya usukani, ugonjwa mkubwa wa W204. Ukiingiza ufunguo unatakiwa usikie mlio mfupi wa mota. Mlio ukiwa mzito au unachelewa, kaboni za mota zinaisha, na siku zikigoma gari halitawasha hata taa ya dashibodi. Ishughulikie ingali inafunguka, kwa sababu ikishajifunga kuitoa ni kukata na kutoboa. Fundi asome kwanza data ya ufunguo kwenye swichi, ndipo afunge kifaa mbadala.

Mtoa mada

Na hiyo kufuli, Spana_13, mmiliki angeikwepa vipi?

Spana_13

Hakuna namna. Hiyo ni ya kiwanda. Cheni bado nabishana nayo.