Naomba ushauri: ripoti ya Access inatoa kurasa tupu nikiprinti

Habari wakuu. Nina ripoti ya madeni ya wateja kwenye Access, ile programu ya Microsoft ya kutunza data. Kwenye skrini iko safi, lakini nikiiprinti, kila ukurasa wenye maandishi unafuatwa na mweupe. Najua upana wa ripoti pamoja na pambizo za kushoto na kulia haupaswi kuzidi karatasi, na A4 ina sentimita 21. Yangu ni 16, pambizo 2 kila upande, jumla 20. Karatasi nimeiweka A4, si Letter. Kinachonichanganya zaidi, nikiihifadhi kama PDF inatoka sawasawa. Je, tatizo ni draiva (programu inayoendesha printa), au ripoti imefungiwa printa fulani badala ya ile ya kawaida? Aliyewahi kukutana na hili naomba anielekeze pa kuanzia, wateja wanasubiri stetimenti zao.