Tupeane uzoefu: pedi na diski za Subaru turbo, mliopo Arusha na Moshi

Turbo_Njiro: Wakuu, nina Forester XT. Juzi nimeshuka mlima wa Mto wa Mbu natoka Karatu, kufika chini usukani unatetemeka kama mashine ya kukoboa. Fundi mmoja anasema diski zimepinda, ninunue zile za matundu. Mwingine anasema zichongwe tu. Nyie mmefunga nini?

Kijenge_Juu: Za matundu ni urembo. Zikipata moto sana, ufa unaanzia hapo hapo kwenye tundu. Weka za kawaida zenye nafasi ya hewa katikati, hela ibaki kwenye pedi.

RimuKumiNaSaba: Porsche wanaweka za matundu, nao wanajipamba?

Kijenge_Juu: Mwenye Porsche diski ikipasuka ananunua nyingine. Wewe wiper tu umefunga na mpira.

MgombaMmoja: Mmenikumbusha mbali. Desemba, kila Mchaga yuko njiani kwenda kuhesabiwa. Mimi na Subaru WRX yangu, diski mpya za matundu, pedi ambazo boksi lake lilikuwa zuri kuliko zenyewe. Mafuta ya breki sijayagusa tangu gari ishuke bandarini. Tunatoka Marangu Mtoni kuteremka Himo, mzee kiti cha mbele, kreti la soda nyuma. Sifa zikanipanda: gia ya nne, kila kona breki. Mara harufu kama soli ya kiatu inaungua. Mzee akauliza, "Hiyo ni ya kwetu?" Nikamwambia ni lori la mbele. Kona iliyofuata nakanyaga, pedali ikazama mpaka kwenye kapeti. Nikapampu, nikapampu, gia ya tatu, ya pili, injini inalia, handibreki juu. Tukaingia shambani kwa mwendo wa guta, mgomba wa mshare chini na mkungu wake. Mzee akashuka taratibu, akatemea mate diski: tssss. Bibi mwenye shamba akaja, hakuuliza nani kaumia. Akaupapasa mkungu, akasema, "Huu ulikuwa wa Krismasi." Nikatoa elfu 30. Na mkungu akaondoka nao.

DadaUsa: 😂😂 tssss

Mtori_Daima: Elfu 30 na mkungu kaondoka nao? Ulipigwa mchana kweupe.

KiboshoMashariki: Hajapigwa. Mgomba una watoto, na watoto nao ulikanyaga. Ningekuwa mimi ni elfu 50 na soda.

Mtori_Daima: Ndio maana hatuoi kwenu.

Spana_Kumi: Turudi kwenye mada jamani. Pedali ikizama, mafuta yamechemka: DOT 4 mpya inastahimili nyuzi 230, ikishanyonya maji inaweza kuchemkia 155, na mvuke unabonyea. Pedali ikiwa ngumu kama jiwe na gari haisimami, hapo pedi ndiyo imezidiwa joto. Ni magonjwa mawili, msiyachanganye. Mleta mada, mtetemo mara nyingi si diski kupinda. Pedi imeganda utando usio sawa, au kuna kutu kwenye habu, pale diski inapokalia, ikakaa upande. Safisha kwanza. Ukingoni mwa diski pameandikwa MIN TH, yaani unene wa mwisho kwa milimita, chini ya hapo haifai; pima kabla hujamwachia mtu achonge.

DadaUsa: Mimi nilinunua kalipa (zile zinazobana pedi) za Brembo za Subaru STI, nafika gereji rimu za 16 haziingii. Bajeti ya breki ikaishia kwenye rimu na matairi.

RimuKumiNaSaba: Wewe angalau zilikuwa Brembo. Mtaani zimejaa kava nyekundu zimebandikwa juu ya kalipa ya kawaida.

Kijenge_Juu: Funga pedi za seramiki, hazichafui rimu.

Spana_Kumi: Za kwendea kanisani hizo. Kwa turbo na mteremko tafuta zenye chuma. Zitapiga kelele na kula diski, vumilia. Zikiwa mpya zizoeshe: toka 80 mpaka 20, mara nane hivi, usisimame kabisa, kisha tembea zipoe.

Mtori_Daima: Shuka na gia uliyopandia. Bure kabisa.

Turbo_Njiro: Nimevua tairi muda huu. Imeandikwa 22, kipimo kinasoma 21.4. Kuchonga basi. MgombaMmoja, hiyo elfu 30 ilikuwa mwaka gani?